Mguu wa M

Nilimtajia bei kabla hajakaa:
herufi moja elfu mbili, rangi yangu, ngazi yangu,
na jua la Magomeni Mapipa nitalibeba mwenyewe.
Daktari Nuru Chambuso akatoa karatasi,
maneno matatu kwa mwandiko wa madaktari:
othodontiki, endodontiki, periodontiki.
Nikahesabu kwa kidole. Thelathini na nne.
Ubao wangu wa futi sita haukuwahi kuona mambo haya.

"Tupunguze," nikasema. Si bei, maneno.
"Huyu odonti ni nani, anajirudia kila mstari
kama mgeni aliyepewa chai akaulizia na pilau?"

Akacheka, na mwanya wake ukaonekana.
(Daktari wa meno mwenye mwanya! Moyoni
nikamkatia elfu tano.)
"Ni jino," akasema. "Jino la Wayunani.
Limepita kwa Waingereza halikuvua viatu,
likafika hapa na ufizi wake.
Otho ni kunyooka. Endo ni ndani.
Peri ni kuzunguka, pale nyama inapolishika."

Nikapanda ngazi, ulimi ukipapasa
gego la chini kushoto,
lile linaloniamsha saa nane za usiku
nikalitia karafuu na kulibembeleza kama mtoto wa watu.
Kumbe shimo langu lina jina. Endo.
Miezi minne tumelala pamoja bila kujuana.

Kila O niliichora taratibu.
Ziko saba. Vinywa saba vimeachama
juu ya Barabara ya Morogoro,
vikisubiri koleo.

Chini, Selengu, anayenishikia ngazi,
akauliza kama yuko mnyama wa jina hilo.
"Alikuwepo," Daktari akajibu. "Mastodoni, jamaa yake tembo.
Aliyempa jina aliliangalia gego lake,
akaona vinundu, akakumbuka titi.
Titi-jino."
Selengu akafikiri, kisha akasema:
"Huyo bwana alikuwa hajala."

Mimi nikawa nawaza letu.
Jino. Likiwa peke yake lina ji.
Yakiwa mengi, ji inang'oka,
ma inaota palepale, inaikuta i imekaa,
a na i zinabanana mpaka zinakuwa e:
meno.
Hapana ganzi. Hapana risiti.
Mtoto wa miaka miwili huifanya kazi hiyo kinywani
na yake mwenyewe bado yanachomoza.
Na mama yangu kule Tandika, kibogoyo,
hulitamka neno zima, meno,
wala hana hata moja.

Labda niliwaza kupita kiasi.
Maana mstari wa mwisho, mdogo, wa Kiswahili,
niliompa bure
kwa ajili ya sisi tusio Wayunani,
gego lilinipiga katikati yake
na mkono ukanyanyuka mapema.
Selengu akasoma kwa sauti, mpaka muuza mihogo akageuka:
"Kliniki ya Neno."

M ilikuwa imepoteza mguu. Mmoja tu,
na duka zima limebadilika biashara.
Waje sasa wenye maneno yaliyooza,
wenye neno lililokwama kooni tangu msibani,
wenye ahadi zinazotikisika zikiguswa.

Nikachovya brashi nirekebishe.
"Iache," Daktari akasema. "Iache hadi kesho."
Alisimama ukingoni mwa barabara, mikono kiunoni,
anatazama juu, kinywa wazi,
O moja zaidi, isiyo na bei.
Kisha, bila hata kunigeukia, akauliza
tangu lini natafunia upande wa kulia.